Jina la biashara si kampuni, na kampuni si ngao ya kila deni

Anayeanzisha biashara ndogo hulazimika kuamua mapema kama ataifanya akiwa mmiliki pekee, kwa ubia au kupitia kampuni. Wengi huamua kwa kutazama hadhi au ada ya usajili, ilhali swali linalostahili kutangulia ni hili: biashara ikishindwa kulipa, mdai atamfuata nani?

Dhana: Nikisajili jina la biashara, tayari nina kampuni.

Jina ni jina tu. Mbele ya sheria, aliyelisajili na biashara yake ni mtu mmoja, hivyo deni la biashara ni deni lake, na mdai aliyeshinda kesi anaweza kuifikia hata akiba yake ya nyumbani. Kampuni huzaliwa pale msajili anapoiandikisha. Tangu hapo huwa na mali, madeni na kesi zake yenyewe.

Dhana: Hatukuandikiana mkataba, kwa hiyo hatuna ubia.

Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, ubia huzaliwa na matendo. Wawili wakiendesha karakana ya useremala pamoja na kugawana faida, tayari ni wabia, hata kama hawajawahi kulitamka neno hilo. Mmoja akichukua mbao kwa mkopo kwa ajili ya karakana kisha akatoweka, muuza mbao anaweza kumdai aliyebaki deni lote, wala si nusu yake. Mkataba wa maandishi haumfungi muuza mbao huyo, lakini humwezesha aliyelipa kumdai mwenzake, na hueleza nani alichangia nini, nani anaruhusiwa kukopa, na itakuwaje mmoja akifariki au akijitoa. Nawasihi wabia wauandike wakati bado wanaelewana, kwa sababu wakishagombana hakuna atakayekubali kutia sahihi.

Dhana: Nikiwa na kampuni, mali yangu binafsi haiguswi kamwe.

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inadanganya wengi. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, aligeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Sheria ya wakati huo ilidai wanahisa wasiopungua 7, naye akawapata nyumbani: yeye, mkewe na watoto wao 5. Kati ya hisa 20,007, zake zilikuwa 20,001. Kampuni ilipofilisika, mahakama za chini zilimtaka Salomon abebe madeni ya kampuni hiyo, lakini mwaka 1896 Baraza la Malordi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua kwamba kampuni ni mtu mwingine kabisa, hata ikiwa karibu hisa zote ni za mtu mmoja.

Msingi huo ungalipo, ila mwenye kampuni ndogo mara nyingi huuondoa kwa mkono wake mwenyewe. Benki inapoikopesha kampuni changa, kwa kawaida humtaka mkurugenzi atie sahihi dhamana binafsi, na karatasi hiyo moja hurudisha deni mlangoni kwake. Mahakama nayo inaweza kuipuuza kinga hiyo pale kampuni inapotumika kulaghai watu. Anayelipa karo ya watoto kwa fedha za kampuni bila kumbukumbu yoyote anajitafutia matatizo na wadai, na pia na mamlaka ya kodi.

Dhana: Kampuni hulipa kodi kidogo.

Inategemea nchi na kiasi cha faida. Mara nyingi kampuni hutozwa kodi ya faida, kisha mwanahisa hutozwa tena anapopokea gawio, yaani sehemu yake ya faida. Isitoshe, taarifa za kila mwaka huwasilishwa hata kama hakuna kilichouzwa.

Dhana: Muundo ukishauchagua, haubadiliki.

Hubadilika, na kuanza ukiwa mmiliki pekee kwa kazi isiyo na mikopo wala hatari kubwa ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, madeni uliyoyaingia kabla ya kuisajili kampuni hubaki yako, isipokuwa mdai mwenyewe akubali yahamie kwa kampuni.