House ni nini hasa, na kwa nini huwezi kuielezea bila kumtaja Frankie Knuckles

Siku hizi ngoma yoyote ya klabu yenye mdundo wa du du du du usiokatika mtu anakwambia hiyo ni house. Amapiano ataiita house, afro house ndo kabisa, hata zile za kwenye matamasha makubwa ya Ulaya zenye mafataki na moshi nazo anaziita house. Hakosei sana, maana vyote hivyo asili yake moja, ila ukiishia hapo utasikia mdundo tu na hutajua nani aliuweka pale na alikuwa anatafuta nini. Na jibu la hilo linaanzia kwa DJ mmoja, kwenye jengo moja la Chicago.

Tuanze na sauti yenyewe kwanza. House ni biti ya nne kwa nne, yaani ukihesabu moja mpaka nne dundo kubwa la chini linapiga zote, moja, mbili, tatu, nne, haliruki hata moja. Kati ya dundo na dundo kuna toazi linafunguka, tsss, halafu kwenye mbili na kwenye nne kuna makofi. Mwendo wake mara nyingi ni kama midundo 120 kwa dakika, unapanda kidogo unashuka kidogo, ni spidi ambayo mtu anaweza kucheza masaa na masaa bila kukata pumzi. Juu yake inawekwa besi inayozunguka palepale, kinanda chenye ladha ya kanisani na sauti ya mtu anaimba mapenzi kwa namna ambayo ukifumba macho unaweza kudhani anaomba. Na wimbo hauna haraka, unaenda dakika saba, nane, kumi, mwanzoni na mwishoni wanaacha mdundo mtupu ili DJ apate pa kuunganishia wimbo unaofuata.

Hiyo sehemu ya mwisho ndo muhimu kuliko zote kwa maoni yangu. House ni muziki uliotengenezwa na ma-DJ kwa ajili ya sakafu ya kuchezea. Haukuanzia kwa mwimbaji wala bendi, haukuanzia studio. Ulianza na mtu amesimama nyuma ya santuri mbili anaangalia miguu ya watu.

Frankie Knuckles alizaliwa tarehe 18 Januari 1955 huko Bronx, New York, jina la nyumbani Francis Nicholls. Alisomea mambo ya ubunifu wa sanaa na vitambaa, ila usiku alikuwa kwenye disko na rafiki yake wa ujanani Larry Levan, ambaye baadaye alikuja kuwa DJ mkubwa wa Paradise Garage, klabu maarufu ya New York. Hawa wawili walianzia chini kabisa, kuna klabu inaitwa The Gallery walikuwa wanasaidia kupamba, wanapuliza maputo, huku wanamtazama DJ wa pale Nicky Siano anavyocheza na hisia za watu. Baadaye wote wawili wakapiga muziki Continental Baths, sehemu ya mabafu ya mvuke chini ya hoteli moja ya Manhattan, wateja wake wengi wanaume wapenzi wa jinsia moja. Frankie mwenyewe alikuwa hivyo na hakuficha, na inabidi niliseme hili wazi kwa sababu watu wanaosimulia historia ya house wakilitoa wanabaki na hadithi yenye tundu katikati.

Mwaka 1977 jamaa mmoja anaitwa Robert Williams alikuwa anafungua klabu Chicago, akamtaka Larry Levan aje, Larry akagoma kuondoka New York, ikabidi achukuliwe Frankie. Alikuwa na miaka 22. Klabu ilikuwa kwenye jengo la zamani la viwandani namba 206 South Jefferson Street na watu wakaiita Warehouse, kwa maana ya ghala. Pombe haikuuzwa, ilikuwa juisi na maji, na watu walikuwa wanaingia Jumamosi usiku wanatoka Jumapili jua liko juu. Waliojaa mule walikuwa vijana weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu ambao klabu za katikati ya mji ziliwabania mlangoni au ziliwaingiza shingo upande. Frankie alisema Warehouse ilikuwa kama kanisa la watu walioanguka kutoka kwenye neema. Alimaanisha kweli, na waliokuwepo wanasimulia vivyo hivyo, joto, jasho linatiririka kwenye kuta, watu wanapiga kelele za furaha kama wamepandwa na roho. Kuna mchezo alikuwa anaufanya, anazima taa zote gizaaa halafu anaweka rekodi ya sauti ya treni inakuja kwa kasi, spika kubwa, unahisi treni inataka kupasua ukuta ipite katikati ya watu, watu wanapagawa, ndo anawaachia wimbo.

Sasa ikaja 1979. Marekani kulikuwa na chuki dhidi ya disko, tarehe 12 Julai mtangazaji wa redio Steve Dahl akaandaa tukio kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, hapohapo Chicago, ukija na santuri ya disko unaingia kwa senti 98. Walijaa watu kama 50,000, santuri zikakusanywa katikati ya uwanja zikalipuliwa, watu wakavamia uwanja, mechi ya pili ya siku hiyo haikuchezwa. Kijana mweusi Vince Lawrence alikuwa anafanya kazi ya kuelekeza watu kwenye viti siku hiyo, na miaka mingi baadaye amekuwa akieleza kwamba santuri nyingi alizoziona zikiletwa hazikuwa hata disko, zilikuwa tu muziki wa watu weusi. Huyohuyo Vince Lawrence ndo alikuja kushirikiana na Jesse Saunders kutoa On and On mwaka 1984, moja ya rekodi za kwanza kabisa za house. Ukiniuliza mimi hakuna picha inayoeleza house vizuri kuliko hiyo, aliyesimama pembeni akiangalia disko inalipuliwa ndo aliyesaidia kutoa kilichofuata.

Baada ya hapo makampuni makubwa yakaikimbia disko. Nyimbo mpya za kuchezesha zikapungua na Frankie kila Jumamosi ana ukumbi unamsubiri. Afanyeje? Akaanza kutengeneza upya alizokuwa nazo. Alichukua wimbo akauhamishia kwenye tepu kubwa za rili, anakata tepu kwa wembe, anaunga kwa gundi, pale penye ngoma na besi tupu sekunde 20 anaparudia mpaka panakuwa dakika mbili, sauti ya mwimbaji anaichelewesha, anairudisha pale anapojua ukumbi umeiva. Rafiki yake Erasmo Rivera alikuwa anasomea mambo ya sauti na alimsaidia kwenye hizo kazi. Kwa msomaji wa huku kwetu naweza kueleza hivi, fikiria wimbo wa dansi wa Kikongo, kuna sehemu ya kuimba taratibu halafu linakuja sebene watu wote wanainuka. Frankie alikuwa anachukua nyimbo za Marekani zenye sebene fupi analirefusha, na pale ambapo halikuwepo analitengeneza mwenyewe. Hapo ndipo DJ alipoacha kuwa mpiga santuri akawa mtunzi, na kwangu mimi hiyo ndo maana halisi ya house, mashine na vinanda vilikuja kufuata.

Jina nalo lilitokea bila mtu kukaa kikao. Vijana walikuwa wakienda kwenye duka la santuri la Importes Etc. kuulizia nyimbo walizosikia kwa Frankie, duka likaanza kubandika vikaratasi kwamba hizi ndo zinazopigwa Warehouse, muda si muda ikafupishwa ikabaki house.

1982 aliondoka Warehouse, akafungua ya kwake inaitwa Power Plant. Robert Williams naye akafungua Muzic Box akamweka Ron Hardy, huyu alikuwa mkali kwa staili nyingine kabisa, anapiga kwa kasi, anageuza nyimbo kinyumenyume, na ule ushindani wa hizi klabu mbili uliwapa vijana wa Chicago sababu ya kukesha vyumbani wanatengeneza biti, kila mtu anataka tepu yake ipigwe na Frankie au na Ron. Mashine zilikuwa zimeanza kupatikana kwa bei ya mtu wa kawaida kwa sababu Roland walitoa ngoma za kielektroniki, TR-808 na TR-909, soko likazikataa, zikawa zinauzwa mitumba. Frankie 909 yake aliinunua kwa Derrick May, kijana wa Detroit ambaye ni mmoja wa waasisi wa tekno. Akawa anaiwasha hapohapo ukumbini, dundo la mashine linapita chini ya santuri za zamani. Hilo dundo unalolisikia kwenye house mpaka leo mara nyingi ni sauti ya hiyo 909 au kitu kilichoigizwa kwake.

Wimbo wa kusikiliza wa kipindi hicho ni Your Love. Mtunzi na mwimbaji wake ni Jamie Principle, ulizunguka Chicago kwa tepu za kurudufu muda mrefu kabla haujawa santuri, Frankie aliupiga Power Plant mpaka ukawa wimbo wa mji, kisha wakaufanyia kazi pamoja. Ulipotolewa na Trax, kampuni ya rekodi ya Chicago, mwaka 1987 kwenye lebo likaandikwa jina la Frankie peke yake. Inaniuma hii, maana kinanda kile kinachozunguka mwanzoni na ile sauti ya kunong'ona ni roho ya Jamie, na mpaka leo watu wanaupiga hawamjui. Ukiupenda, mtaje.

Wakati huo Uingereza walishachanganyikiwa na house, Januari 1987 Jack Your Body ya Steve "Silk" Hurley ilishika namba moja kule, wakati Marekani kwenyewe redio nyingi hazina habari. Frankie akarudi New York, akajiunga na David Morales na Judy Weinstein kwenye Def Mix, kampuni ya ma-DJ na watengeneza rimiksi, na hapo akaingia kwenye rimiksi za wasanii wakubwa, Chaka Khan, Michael Jackson, Toni Braxton. Zake mwenyewe zilizobaki kichwani mwa watu ni Tears ya 1989 akiwa na Satoshi Tomiie na sauti ya Robert Owens, na The Whistle Song ya 1991, ile ya filimbi, laini mno, haina fujo hata kidogo. Grammy walipoanzisha tuzo ya mtengeneza rimiksi bora, wa kwanza kuipokea alikuwa yeye, sherehe ya 1998.

Mwaka 2004 Chicago wakaipa ile sehemu ya Jefferson Street jina lake la heshima, na mmoja wa waliolisukuma jambo hilo alikuwa seneta wa jimbo wakati huo, Barack Obama. Afya ndo ilimsumbua, kisukari na jeraha la mguu alilolipata kwenye michezo ya theluji, mwishowe akakatwa mguu, na bado akarudi kupiga. Alifariki Chicago tarehe 31 Machi 2014 akiwa na miaka 59, wikendi hiyohiyo alikuwa ametoka kupiga London. Jengo la Warehouse lenyewe lilitangazwa rasmi kuwa urithi wa jiji mwaka 2023, na mkusanyiko wa santuri zake unatunzwa Stony Island Arts Bank, kituo cha sanaa kusini mwa Chicago.

Kutoka Chicago mpaka kwenye baa za Dar na Nairobi njia imepitia Afrika Kusini. Miaka ya 90 mwanzoni vijana wa Soweto walichukua house wakaipunguza mwendo wakaimba lugha zao ikawa kwaito, house yenyewe ikakita mizizi kule kuliko karibu nchi yoyote, na kwenye mchanganyiko huo wa kwaito na deep house, ile house laini na ya taratibu, ndo ikatoka amapiano. Amapiano ina tabia zake, ile besi ya log drum haikuwepo Chicago, lakini ule uvumilivu wa kuacha wimbo utembee dakika tatu kabla mtu hajaimba, huo ni wa kina Frankie.

Ukitaka kulisikia hili kwa masikio yako tafuta Let No Man Put Asunder ya First Choice, kundi la wadada. Sikiliza kwanza ile ya kawaida ya albamu, halafu tafuta toleo la Frankie la 1983. Subiri pale vyombo vinapoondoka zinabaki sauti za wadada na ngoma, uone anavyokuweka hapo, anakuweka, anakuweka, besi hairudishi mpaka uwe umeihitaji kweli.