Je, Wajua Kwa Nini Filamu za Uhalifu Hupenda Giza?

Ukiwasha runinga ukakuta mtu kasimama ofisini usiku, nusu ya uso imemezwa na kivuli na michirizi ya mwanga wa dirisha imemlalia kifuani, huhitaji kuambiwa kwamba kuna mtu atauawa, au keshauawa. Wengi hudhani giza hilo ni la kutia hofu tu. Kazi yake kubwa ni kuficha habari. Filamu ya uhalifu ni mchezo wa nani anajua nini, na amejua lini, na kila chombo cha mwongozaji hutumikia mchezo huo.

Tuanze na taa. Kwa kawaida uso wa mwigizaji huangazwa na taa tatu: taa kuu, taa ya kujazia inayolainisha vivuli, na taa ya nyuma inayomtenga na ukuta. Kwenye vichekesho, upande wa mwanga huuzidi upande wa kivuli kama mara mbili tu. Kwenye uhalifu tofauti hupandishwa hadi mara nane au zaidi: taa kuu husogezwa pembeni, karibu nyuzi 90 kutoka ilipo kamera, na ya kujazia hufifishwa au kuzimwa kabisa. Ya nyuma huachwa. Anayeizima hupata kichwa kinachoelea hewani, maana suti nyeusi imepotelea kwenye ukuta mweusi.

Wanaoanza huteleza kwa kupunguza mwanga wa chumba kizima. Picha ya dijitali iliyokosa mwanga hujaa chengachenga, na mtazamaji haoni usiku, anaona uchafu. Dawa ni kuweka mwanga wa kutosha, kisha kuuzuia kwa vitambaa vyeusi usifike pasipotakiwa. Tena fremu iwe na kitu kimoja king'aavu, balbu au dirisha, ili jicho lipate cha kulinganishia.

Ile michirizi nayo ina hesabu yake. Taa yenye upana wa sentimita 30, ikiwekwa mita 1 nyuma ya pazia la vibao lililo mita 1 kutoka ukutani, hutoa kivuli chenye kingo za ukungu wa sentimita 30. Michirizi yote inafutika. Chukua taa ya sentimita 5, irudishe mita 4, na ukungu unashuka hadi sentimita 1 na robo. Hapo ndipo michirizi inakuwa mikali kama nondo za jela.

Mtindo huu uliiva Marekani katika miaka ya 1940, ukichangiwa na waongozaji waliokimbia Ujerumani ya Wanazi. Mwaka 1946 mhakiki Mfaransa Nino Frank akaziita filamu hizo "filamu nyeusi". Udhibiti nao ulikuwa na mkono wake. Kanuni za Hays, ambazo studio za Hollywood zilijiwekea na zikakazwa kuanzia 1934, zilikataza kuonyesha kwa kina mauaji ya kikatili au mbinu za wizi. Waongozaji wakaipeleka bastola nyuma ya mlango na kisu kwenye kivuli ukutani. Kikwazo kikageuka kaida, na hata leo, pasipo wa kukataza, kivuli hicho bado kinatumika.

Lakini kwa maoni yetu taa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwenye meza ya mhariri. Chukua shoti tatu, yaani vipande vitatu vya picha visivyokatwa: mpelelezi anaingia chumbani, ncha za viatu chini ya pazia, mpelelezi anageuka ghafla. Ukitanguliza viatu, mtazamaji anajua kabla ya mpelelezi, na kila hatua anayopiga inakuwa mateso: hiyo ni taharuki. Viatu vikija mwisho, unapata mshtuko. Ukivificha hadi mpelelezi atakapoeleza mbele ya washukiwa wote, umetengeneza filamu ya upelelezi. Ni shoti zilezile, lakini tanzu zimebadilika. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipenda kulieleza hili kwa bomu chini ya meza: likilipuka bila taarifa, mtazamaji anapata sekunde 15 za mshtuko, akijua lipo, anapata dakika 15 za taharuki.

Urefu wa shoti hiyo ya viatu una uzito wake. Kwa mwendo wa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde, fremu 12 ni nusu sekunde, na wengi wataikosa. Sekunde mbili hivi zinatosha. Ikikaa tano, mtazamaji anahisi anaelekezwa kwa kidole, na hasira yake inahama kutoka kwa mhalifu kwenda kwa mwongozaji.

Sauti hufanya kazi hiyohiyo bila kuhitaji taa. Kwenye filamu ya "Rififi" ya mwaka 1955, wizi huchukua karibu nusu saa bila neno wala muziki, kwa hiyo kila mgongano wa chombo unasikika kama kelele za kuita polisi. Mwongozaji Fritz Lang alilijua hili mapema zaidi. Kwenye filamu yake "M" ya mwaka 1931, muuaji hujulikana kwa wimbo anaoupiga mluzi, mara nyingine kabla hata uso wake haujaonekana. Polisi wanahangaika na alama za vidole na kupekua nyumba, na anayemtambua ni muuza maputo kipofu.