Utitiri, kupe na anayewasomea: dhana potofu na ukweli

Mtu akisema amesomea utitiri hadi shahada ya uzamivu, wengi huwaza wale vijidudu wa kwenye manyoya ya kuku, kisha humuuliza kama hakupata mnyama mkubwa zaidi. Swali hilo limebeba dhana kadhaa kwa mpigo.

Dhana: Utitiri na kupe ni wadudu.

Katika mazungumzo ya kawaida kila kidogo kinachotambaa ni mdudu, wala si kosa kubwa. Lakini katika ukoo wa viumbe, utitiri, kupe na papasi wako upande wa buibui na nge, yaani araknida. Hawana mabawa wala vipapasio. Hapo watu huongeza: basi wote wana miguu minane. La. Kupe huanguliwa akiwa na miguu sita, na jozi ya nne huota anapojivua gamba mara ya kwanza. Wako pia utitiri wa mimea, wale wa familia ya Eriophyidae, ambao huishi na kufa na miguu minne tu. Kwa mchunguzi wa mageuko, mguu uliotoweka una habari nyingi sawa na ulioongezeka.

Dhana: Viumbe wadogo hivi ni wa kale na hawajabadilika.

Ukale ni kweli. Katika mawe ya Rhynie, Scotland, yenye umri wa takribani miaka milioni 410, kulipatikana visukuku vya utitiri, na mwaka 1923 vikapewa jina la Protacarus crani. Kutobadilika ndiko kusiko kweli. Jenomu, yaani jumla ya maelekezo ya urithi, ya Tetranychus urticae, utitiri anayefyonza majani ya mimea mingi, ilichapishwa mwaka 2011. Ina herufi milioni 90 hivi, ilhali ya binadamu ina zaidi ya milioni 3,000. Ndani ya jenomu hiyo finyu zilikutwa jeni za kutengeneza rangi za karotenoidi, na asili ya jeni hizo ni kuvu! Udogo wa mwili haujamzuia kiumbe huyu kuokota urithi nje ya ukoo wake.

Dhana: Kimelea hawezi kurudi kujitegemea.

Hii imewahi kushikiliwa hata na wataalamu, na ndiyo inayonivutia kuliko zote. Hoja yao ilikuwa na mantiki: kiumbe akishazoea kuishi mwilini mwa mwingine, hupoteza viungo na uwezo mwingi, na kilichopotea hakirudi. Kanuni hiyo huitwa sheria ya Dollo, kwa jina la Louis Dollo, mtaalamu wa visukuku. Mwaka 2013 Pavel Klimov na Barry OConnor wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha jeni tano kutoka spishi zipatazo 700 za utitiri. Waliona kwamba utitiri wa vumbi la nyumbani, hawa wanaoishi huru magodoroni na kuwasababishia watu mzio, wametokana na mababu waliokuwa vimelea wa kudumu. Walitoka mwilini mwa mnyama, wakarudi kujitafutia. Fikiria subira iliyohitajika: kila spishi kati ya hizo 700 ilibidi kwanza ikusanywe na itambuliwe kwa usahihi, kabla ya kompyuta kuchora tawi lolote la ukoo.

Dhana: Utitiri wa usoni hana njia ya haja, hivyo hupasuka akifa.

Ilirudiwa sana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Demodex folliculorum anayo njia hiyo. Jambo kubwa zaidi katika utafiti huo ni kwamba amepoteza jeni nyingi kwa kutegemea ngozi yetu.

Dhana: Ni kazi ya kuinamia hadubini tu.

Hadubini ipo, na shingo huuma kweli. Lakini kazi huanzia msituni, kwenye viota au chini ya majani makavu. Udongo huwekwa juu ya wavu ndani ya faneli iliyobuniwa na Mwitaliano Antonio Berlese. Joto la taa hukausha udongo kutoka juu, na utitiri hukimbilia chini hadi kwenye chupa ya alkoholi. Halafu huja kuhesabu vinyweleo, kuchora, kusoma vinasaba, na kuandika programu za takwimu. Asiyependa hesabu atapata taabu.

Dhana: Kazi hii haina faida.

Kwa miaka mingi utitiri aliyekuwa akiangamiza mizinga ya nyuki aliitwa Varroa jacobsoni. Mwaka 2000 Anderson na Trueman walibainisha kwamba ni spishi nyingine, wakaipa jina la Varroa destructor. Mwaka 2019 ikaonekana kuwa akiwa kwenye nyuki wazima chakula chake kikuu ni tishu ya mafuta, ilhali ilidhaniwa anafyonza damu. Aliyetafuta dawa huku akikosea mdudu ni nani na anakula nini alikuwa akipapasa gizani.

Ajira zipo vyuoni, kwenye makumbusho, kilimo, tiba ya mifugo na karantini ya mimea, ingawa nafasi za kudumu ni chache na mwanafunzi aambiwe hivyo mapema. Kazi yenyewe haijaisha: spishi za utitiri zilizopewa majina zimepita 50,000, na wataalamu wanaamini zisizo na majina ni nyingi zaidi. Baadhi zimeshakusanywa tayari. Zimo kwenye droo za makumbusho, zimebanwa kati ya vioo viwili, lebo ikionyesha mahali na tarehe, na sehemu ya jina iko wazi.