Je, wajua? Taa ya baiskeli isiyo na betri huwakaje, na je, itamfaa mwendesha baiskeli wa Dodoma?

Anayetoka kazini Mtumba jioni na kushika barabara ya Dar es Salaam kwa baiskeli kuelekea Nzuguni hana muda mrefu wa kusafiri kwenye mwanga. Jua la Dodoma huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, na kwa kuwa mji uko takriban nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, mwanga unaobaki baada ya hapo hudumu kama dakika 20, kisha giza hutanda. Wengi hukabiliana na giza hilo kwa tochi iliyofungwa kwenye usukani kwa kipande cha tyubu, na nyuma hutegemea kile kioo chekundu cha kuakisi, ambacho hakionekani mpaka kimulikwe na taa za gari.

Ipo taa ya aina nyingine, iliyoenezwa na kampuni ya Reelight ya Denmark miaka ya 2000, ambayo haina betri ya kuchaji wala dinamo ya kusugua tairi. Sumaku mbili ndogo hufungwa kwenye spoku za gurudumu, na taa yenyewe hukazwa na nati ya ekseli, karibu kabisa na zinapopita sumaku hizo. Ndani ya taa kuna koili ya waya wa shaba. Kila sumaku inapopita mbele ya koili, nguvu ya sumaku ndani yake hupanda na kushuka ghafla, na badiliko hilo husukuma umeme kidogo katika waya, jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831. Umeme huo huwasha LED kwa mmweko mmoja, kisha husubiri sumaku ya pili. Kwa hiyo taa za mwanzo za aina hii zilimwekamweka kwa sababu ndivyo umeme wenyewe ulivyokuwa ukija, si kwa kuwa mbunifu alipenda madoido.

Hesabu yake ni rahisi. Gurudumu la baiskeli kubwa ya inchi 28 husogea takriban mita 2.2 kwa mzunguko mmoja, hivyo kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa huzunguka karibu mara mbili kwa sekunde, na sumaku mbili hutoa mimweko minne hivi. Ukiisukuma baiskeli kwa miguu unapopanda kilima, mimweko hushuka hadi mmoja kwa sekunde, tena huwa hafifu zaidi, kwa kuwa sumaku inayopita polepole huzalisha umeme mdogo. Nishati hiyo si ya bure, maana hutoka mguuni, lakini ni ndogo mno kiasi kwamba mguu hauihisi, tofauti na dinamo ya kawaida ya volti 6 na wati 3 ambayo kila aliyewahi kuiegemeza kwenye tairi anaujua uzito wake.

Sifa kubwa ya taa hii ilitokana na jaribio la mjini Odense, Denmark, lililoanza mwaka 2004 na kuwahusisha waendesha baiskeli 3,845. Waliofungiwa taa hizo, zikiwaka usiku na mchana, walipata ajali za kuumia kwa kiwango kilicho pungufu kwa asilimia 19 kuliko wenzao wasiofungiwa. Ajali ziliripotiwa na washiriki wenyewe, na hilo lazima likumbukwe, ila matokeo hayo si ya kupuuzwa. Tatizo ni kuyahamishia Dodoma kama yalivyo. Mwezi Desemba mchana wa Odense ni wa takriban saa saba tu, na mtu huenda kazini na kurudi katika mwanga wa kijivu; sisi mchana wetu haubadiliki hata kwa saa moja kati ya msimu na msimu, na jua letu la saa tisa alasiri humeza mmweko wowote mdogo. Faida ya kuwaka mchana, ambayo ilikuwa kiini cha jaribio lile, hapa hupungua sana. Inayobaki ni ile ya jioni na alfajiri.

Swali la kumuuliza muuzaji, kabla hata ya bei, ni kama taa ni ya kuonea au ya kuonekana. Taa ya sumaku ni ya kuonekana. Umeme wake hautoshi kumulika shimo wala mchanga uliokusanyika pale njia inapokatiza korongo, na mtu akiingia mitaa isiyo na lami ya Nkuhungu akiwa na taa hiyo peke yake atakuwa anaonekana vizuri huku yeye mwenyewe haoni kitu. Mbele, basi, ile tochi ya tyubu bado inahitajika.

Nyuma ndipo taa hii ingeweza kutusaidia, na hapo hapo ndipo penye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote. Taa hukaa kwenye ekseli, kimo cha sentimita 35 hivi kutoka ardhini. Mbunifu aliifikiria baiskeli ikiwa tupu. Baiskeli ya huku ikibeba madumu mawili ya lita 20, moja kila upande wa keria, au gunia la mkaa lililolala hadi usawa wa ekseli, dereva anayetoka nyuma haoni taa yoyote, na kwa kawaida baiskeli yenye mzigo ndiyo hiyo hiyo inayoyumba na kwenda polepole. Dawa yake si ngumu: koili ibaki kwenye ekseli, kisha waya mfupi upeleke umeme hadi kwenye taa iliyofungwa mwisho wa keria. Ingepoteza kidogo ule unadhifu wa kutokuwa na waya, lakini ingeonekana.

Mzigo una madhara mengine pia. Sumaku hutakiwa kupita milimita chache tu kutoka kwenye koili, kwa sababu nguvu yake hupungua haraka sana umbali unapoongezeka. Gurudumu lililolegea spoku kwa uzito huyumba kulia na kushoto, na spoku zikilegea, sumaku nayo huhama mahali pake. Mara iguse taa, mara iwe mbali hata mmweko usitoke. Itabidi fundi akaze spoku kwanza. Kuna na vumbi. Taa iliyofungwa kabisa haiogopi vumbi kama taa ya kuchaji yenye tundu la waya, lakini sumaku huokota chembe nyeusi za chuma mchangani, kama wajuavyo watoto wote waliowahi kuburuta sumaku ya spika iliyokufa, kwa hiyo wakati wa kiangazi italazimu kuzifuta kwa kitambaa mara kwa mara.

Jaribio ambalo mnunuzi anaweza kulifanya mwenyewe linahusu kusimama. Gurudumu likitulia, umeme hukoma, na taa za mwanzo zilizimika papo hapo. Nyingine zina kapasita inayohifadhi umeme kidogo ili taa iendelee kuwaka kwa muda. Kwetu tunaoendesha upande wa kushoto, mwendesha baiskeli anayetaka kukata kulia husimama katikati ya barabara akisubiri magari yapite, na mahali hapo ndipo asipopaswa kuwa gizani. Zungusha gurudumu dakika mbili, lisimamishe, kisha tazama saa: ikizimika kabla ya dakika moja, mimi nisingeinunua kwa barabara ya Dar es Salaam, ingawa kwa safari ya Kikuyu hadi Majengo, mtu akiwa hana mzigo, ningeifikiria.

Kwa kuwa imekazwa na nati ya ekseli, haichomoki kwa mkono ukiiacha baiskeli nje ya ofisi. Mwizi mwenye spana ni habari nyingine.