Je, wajua programu inakuaminije bila kuiona nywila yako?

Umepakua programu ya duka dakika mbili zilizopita. Unabonyeza "Ingia kwa Google", na papo hapo inakuita kwa jina. Nywila hukuiandika humo hata mara moja. Imekuaminije?

Ilichopokea ni tokeni, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha wewe ni nani. Google ndiyo iliyokutambua, kisha ikatoa maandishi marefu yenye sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta. Yanaanza na eyJ, kwa sababu mabano { na alama ya kunukuu vinavyofungua taarifa hiyo huwa hivyo vikishageuzwa kwa Base64, njia ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida. Kugeuza huko si kuficha: yeyote atakayeipata anaweza kuisoma, jina na barua pepe yako vikiwemo. Ulinzi uko kwenye sehemu ya tatu: sahihi ya kidijitali, kama saini. Google huitia kwa ufunguo wake wa siri, na ufunguo wa umma huuweka wazi ili seva yoyote ihakiki. Herufi moja ya taarifa ikibadilishwa, sahihi haikubali tena.

Programu huituma tokeni kwa API ya duka, yaani mlango wa seva yake unaopokea maombi ya programu. Seva hukagua sahihi, aliyeitoa, na muda wake (ya Google huisha baada ya saa moja). Halafu kuna kipengele kinachoitwa aud: tokeni imetolewa kwa ajili ya programu ipi? Hapa nawasihi sana wenzangu tunaoandika kodi, msiparuke. Tokeni uliyopewa ukiingia kwenye mchezo fulani ina sahihi halali kabisa ya Google. Seva ya duka isipoangalia aud, mwenye mchezo anaweza kuchukua tokeni yako akaingia nayo dukani kwa jina lako, na sahihi isimzuie.

Tokeni ikipita, seva hufungua sesheni yake yenyewe: hutunga namba ndefu isiyokisika, huiandika kwenye kanzidata kando ya akaunti yako, na kukupa. Kila ombi linalofuata hubeba namba hiyo. Mbona isiendelee kutumia tokeni ileile? Kwa sababu tokeni ikishatoka hubaki halali mpaka muda wake uishe, lakini sesheni iko mikononi mwa duka. Simu ikiibwa leo usiku, unaazima ya jirani, unaingia na kubonyeza "Toka kwenye vifaa vyote". Seva inafuta zile namba. Mwizi akifungua duka, ombi lake linajibiwa 401: hutambuliki.