Boksi la joto linalozidi umeme wake: lipimwe kwa pipa, si kwa mvuke

Kiwanda cha chai cha Mufindi au Rungwe kinachokausha majani kwa kuni kinajua bei ya joto. Shule ya bweni ya Makete mwezi wa Julai inaijua pia, na mfugaji wa vifaranga wa Iringa vilevile. Basi anapokuja mtu na boksi linalokula uniti moja ya umeme na kutoa joto la uniti sita, haachi kupata wasikilizaji. Watu huanza kubishana kama mwenye boksi ni mgunduzi au tapeli. Swali hilo halina haja ya kujibiwa kwanza, kwa kuwa joto hupimika bila kumjua mtu na bila kufungua siri yake.

Madai ya aina hii yana historia. Tarehe 23 Machi 1989 Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza Utah, Marekani, kwamba wamepata muungano wa nyuklia, yaani viini vya atomi kuungana na kutoa nishati, katika joto la chumba, kwa metali ya paladi iliyozamishwa kwenye maji mazito, yaani maji yenye deuteri, hidrojeni nzito. Dai hilo huitwa muungano baridi. Maabara nyingi zilijaribu kurudia zikashindwa. Tena kulikuwa na kikwazo kikubwa: muungano wa kawaida wa deuteri unaotoa wati 1 tu ya joto hutoa pia chembe za mionzi ziitwazo nyutroni karibu trilioni 1 kwa sekunde, na waliosimama pembeni wangedhurika. Januari 2011, mjini Bologna, Andrea Rossi alionyesha E-Cat, kifaa cha nikeli na hidrojeni alichosema kinatoa zaidi ya kilowati 10 za joto. Mwaka 2016 aliishtaki kampuni ya Industrial Heat, iliyokuwa na leseni ya kifaa hicho, akidai dola milioni 89, na mwaka uliofuata pande zote zikamalizana nje ya hukumu. Mwaka 2019 watafiti waliofadhiliwa na Google waliandika kwamba, baada ya miaka kadhaa ya majaribio, hawakuona ushahidi wa muungano baridi.

Katika maonyesho ya 2011 ubishi mkubwa ulikuwa kwenye mvuke, na hapo ndipo mnunuzi wa Mbeya anapopaswa kukaza macho.

Kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 16 hadi 94, ambapo maji huchemka Mbeya mjini kwa sababu ya mwinuko wa mita 1,700 hivi, kunahitaji kilojuli kama 327. Kuigeuza kilo hiyohiyo yote kuwa mvuke kunadai nyingine 2,270 hivi. Jumla ni karibu 2,600, yaani mara nane ya zile za kuchemsha tu. Sasa mwonyeshaji anaingiza maji upande mmoja wa boksi, upande wa pili mpira unafuka, kipimajoto kinasoma 95, naye anapiga hesabu kana kwamba kila tone limekuwa mvuke. Kama maji mengi yametoka yakiwa moto tu, hita ya kawaida kabisa itaonekana inazalisha karibu mara nane ya umeme wake. Hapo hahitajiki hata mwongo. Hesabu mbaya inatosha.

Jicho halisaidii. Kilo 1 ya mvuke hujaza mita za ujazo kama mbili, na lita nzima ya matone inaweza kujificha humo kama ukungu. Kipima unyevu wa hewa hakiyahesabu matone hayo. Wala nyuzi 96 hazithibitishi mvuke mkavu: mpira uliopinda na kushika maji ya kimo cha sentimeta 60 huongeza shinikizo ndani, na kiwango cha kuchemka hupanda kwa nyuzi 2 hivi.

Dawa ni kurudisha mvuke ndani ya maji. Chukua pipa la lita 200, tia kilo 180 za maji yaliyopimwa kwa mizani, lizungushie magunia ya maranda, ambayo Mafinga hayakosekani. Pampu ivute maji ya boksi kutoka pipa hilohilo, na mpira wa kutolea uzame humohumo. Mvuke ukitoka unapoa na kuacha joto lake kwenye pipa. Yakitoka maji moto, nayo yanarudi palepale. Unyevu wa mvuke haukuhusu tena. Weka vavu ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wa kutolea, la sivyo boksi likizimwa mvuke utasinyaa kuwa maji, maji baridi yatavutwa ndani ghafla na chuma cha moto kinaweza kupasuka. Koroga kabla ya kila kipimo, maana juu ya pipa huwa moto kuliko chini. Na kama ndani kuna hidrojeni, fanyeni jaribio nje, penye hewa.

Pipa hilo likipanda nyuzi 30, limepokea kilojuli 22,600, sawa na uniti 6.3, kwa kuwa uniti moja ni kilojuli 3,600. Anza na hita ya kawaida ya kilowati 2. Kama mita imesoma uniti 7, unajua 0.7 zimepotelea hewani. Kisha funga boksi na urudie. Mita ikisoma 7 tena, umeletewa hita ya bei mbaya. Ikisoma 1, habari ni kubwa. Tofauti ya asilimia 10 isikusisimue, ni kosa la kukoroga.

Upande wa umeme tumia mita ya uniti kama ya Luku, na pampu ipite humo pia. Mita ya kubana waya husoma ampea peke yake; nyingi za bei rahisi hazioni umeme wa betri, na hukosea umeme uliokatwakatwa na swichi za kielektroniki. Kagua pia waya wa ardhini, ule wa kijani na njano: hautakiwi kuleta umeme wowote.

Mara tatu peke yake si muujiza. Pampu ya joto, ambayo ni friji iliyogeuzwa, hutoa uniti tatu za joto kwa moja ya umeme kwa kuvuta joto la hewa ya nje, na asubuhi ya baridi Makete hushuka na kuganda barafu. Muulize muuzaji kama boksi linapuliza hewa baridi.

Pipa moja halitoshi kuondoa shaka ya nishati iliyofichwa. Kilo 1 ya dizeli ina uniti karibu 12, kwa hiyo boksi la kilo 10 lingeweza kubeba 120 hata kama lote lingekuwa mafuta. Mapipa 25 mfululizo, hata ukitoa uniti moja ya umeme kwa kila pipa, yanavuka kiwango hicho. Boksi lipimwe uzito kabla na baada.

Muuzaji akidai malipo ya awali ili akupe uwakala wa mkoa, yakae benki kwa mkataba mpaka mapipa hayo yaishe, na mita, mizani na vipimajoto viwe vya mnunuzi. Boksi likifaulu Mbeya, lishushwe Kyela, ambako maji huchemka karibu nyuzi 98. Jaribio la pipa haliathiriwi na mwinuko, basi majibu yafanane. Yakitofautiana, mahali fulani kwenye hesabu bado kuna mtu anapima mvuke.