Sauti inavyopima theluji

Nikitaja kazi yangu ya kupima theluji na barafu, swali la kwanza huwa: "Huko juu ya barafu ni nyuzi ngapi?" Najibu, lakini kipimajoto sicho ninachokitazama kwanza. Naanza na vihisi viwili vya mwanga, kimoja kimeelekea juu, kingine chini. Cha juu hupima mwanga wa jua unaoshuka, cha chini ule unaorudishwa. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80. Barafu kuukuu yenye vumbi huweza kurudisha chini ya nusu, na unaobaki ndio unaoila.

Kilimanjaro inalionyesha hili vizuri. Februari 2000 Chuo Kikuu cha Massachusetts kiliweka kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha kwenye barafu ya kaskazini ya Kibo, karibu mita 5,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale huwa chini ya nyuzi 0 karibu muda wote, wastani wake kama -7. Barafu inapungua hivyo hivyo: jua linaichoma, sehemu inayeyuka, sehemu inageuka mvuke bila hata kuwa maji. Vuli na masika zikileta theluji ya kutosha, inajifunika shuka jeupe. Zikikosa, inabaki wazi kwa jua.

Kina cha theluji tunakipima kwa sauti. Kihisi kinaning'inia mlingotini, kinatoa mlio ambao sikio halisikii, kinasubiri mwangwi. Shida ni kwamba baridi huipunguza sauti mwendo: mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi 0, kama 319 kwenye -20. Kihisi kikiwa mita 2 juu ya theluji, nawe usisahihishe hesabu, usiku wa -20 theluji itaonekana imeshuka zaidi ya sentimita 7, na mchana imepanda tena. Nikiwa mgeni kwenye kazi hii nilimaliza siku nzima nikiulaumu upepo kwa kupeperusha theluji ambayo haikwenda popote.

Halafu kuna miguu ya kituo. Ukikisimamisha juu ya barafu kwa miguu mitatu, barafu ikiisha chini yake kinashuka nayo, na kihisi kinaripoti kwamba hakuna kilichobadilika! Kwa hiyo nguzo ya kihisi hiki tunaizamisha mita kadhaa ndani ya barafu. Ikianza kuinama, tunafunga mizigo na kupanda na keekee.